Jiwe Lililowahi Kuwa Hai

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Wataalamu wengi huanza kuhesabu kwenye miaka 10,000 iliyopita. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa kwa ukame juzijuzi, hata ukipauka na kupasuka kwa jua, bado ni mfupa tu. Kisukuku huhitaji muda na bahati. Mnyama hufa akafunikwa upesi na tope au mchanga, nyama ikaoza, kisha maji yanayopenya ardhini yakaingiza madini katika vitundu vya mfupa. Mwishowe mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe, lakini ramani yake ya ndani husalia.

Ramani hiyo ndiyo inayotafutwa, ingawa anayeanza kwa kawaida hutafuta umbo: jiwe lenye sura ya yai, ya moyo, ya kichwa cha nyoka. Umbo ni shahidi dhaifu. Maji na upepo huchonga mawe kwa kila namna, na jicho la binadamu, ambalo huona nyuso hata mawinguni, humalizia palipopungua. Nyama laini kama moyo au ubongo ni nadra mno kugeuka jiwe, kwa hiyo "moyo wa jiwe" ulio kamili kiasi cha kushangaza unafaa kutiliwa shaka kwanza.

Kazi huanzia kwenye mwamba lilikotoka jiwe. Visukuku vingi hukaa katika miamba tabaka, yaani ile iliyojengeka kwa mchanga, tope au chokaa kutuama safu juu ya safu. Majabali makubwa ya Mwanza na Dodoma ni ya itale, mwamba uliopoa kutoka hali ya kuyeyuka chini sana ya ardhi. Kutafuta mfupa humo ni kupoteza siku. Miamba geu, kama marumaru, huwa imebanwa na kuchomwa na joto la ardhini hata alama nyingi zikafutika. Volkano nayo ni adui wa visukuku pale inapotoa lava, ila jivu lake ni jambo jingine. Huko Laetoli, kusini mwa Oldupai nchini Tanzania, jivu lililonyeshewa mvua liligeuka kama saruji na kuhifadhi nyayo za wanyama na za viumbe waliotembea wima miaka takriban milioni 3.66 iliyopita. Nyayo hizo ni visukuku kamili, ingawa hakuna mfupa hata mmoja ndani yake.

Mwamba ukikubali, jiwe huinuliwa karibu na jicho, na kioo cha kukuzia mara 10 hutosha. Mfupa una sehemu mbili: ganda la nje lililo laini na lenye kushikamana, na ndani yake mtandao wa vijiti na vitundu, mfano wa sifongo. Mahali ulipovunjika, sehemu hizo mbili huonekana zikipakana. Hapa ndipo lava yenye vitundu huwadanganya wengi, hasa katika Bonde la Ufa ambako mawe hayo yametapakaa. Vitundu vya lava ni mapovu ya gesi: vingine vikubwa, vingine vidogo, vimetawanyika ovyo kuanzia nje hadi ndani, na hakuna ganda linalovifunika. Vya mfupa vina utaratibu, na mara nyingi hurefuka kufuata urefu wa mfupa wenyewe.

Meno ni rahisi zaidi. Enameli ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hivyo hudumu, na hung'aa kwa namna ambayo kokoto haing'ai. Gego la tembo wa kale lina mabamba yaliyopangwa sambamba kama kurasa za kitabu. Kombe na konokono hutambulika kwa mistari ya ukuaji inayojirudia kwa nafasi za karibu sawa. Amonaiti, viumbe wa baharini waliotoweka pamoja na dinosaria, wana gamba lililojizungusha kama pembe ya kondoo dume na kugawanyika vyumba vyumba. Mti uliogeuka jiwe, kama magogo yaliyomo katika hifadhi ya Sibiloi kando ya Ziwa Turkana, huonyesha nyuzi za ubao. Katika yote haya kuna mpangilio unaojirudia, na kwa viumbe wengi, upande mmoja hulingana na wa pili.

Hata hivyo, mpangilio nao una waigizaji. Maarufu zaidi ni dendraiti, michoro myeusi mfano wa majani ya kangaga kwenye uso wa jiwe. Hutokana na madini ya manganizi yaliyopenya katika ufa na kutawanyika kama wino kwenye karatasi mbichi. Jani la kweli lina ukingo na mshipa wa kati. Dendraiti haina, na hujitanda tu popote ufa unapoelekea. Kuna pia madonge ya mviringo yanayoundwa madini yanapoganda kuzunguka kiini kidogo ndani ya tope. Ndiyo yanayoitwa "mayai ya dinosaria" na kila aliyeyaona. Ganda la yai halisi ni jembamba, lina unene mmoja pande zote na vitundu vidogo sana vya kupitisha hewa. Donge jingine hupasuka ndani likajazwa madini ya rangi nyingine, likawa na viraka kama gamba la kobe. Si kobe. Lakini madonge haya yasidharauliwe yote, kwa kuwa kiini chake pengine ni kombe au mfupa wa samaki.

Majaribio ya nyumbani yana mipaka. Wapo wanaogusisha jiwe kwenye ulimi kwa kuwa mfupa wenye vitundu hunata. Udongo mkavu wa mfinyanzi hunata vilevile, na mfupa uliojaa madini kabisa haunati, kwa hiyo ulimi hausemi mengi zaidi ya ladha ya vumbi. Tone la siki hutoa povu juu ya chokaa. Hilo huthibitisha chokaa, halithibitishi uhai, na siki hula kile kinachopimwa. Uzito husaidia kutenganisha mfupa mpya na wa kale, mradi viwe vya ukubwa mmoja.

Kwa mkazi wa pwani, pa kujifunzia ni ukutani. Nyumba nyingi za kale za Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, kutoka miamba iliyokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa aina hiyo. Palipobanduka lipu huonekana vijumba vya matumbawe na makombe yaliyoshikana. Lakini mafundi wa zamani walikata pia matumbawe laini kutoka baharini yakiwa bado hai, wakayachonga nakshi za mihrabu na milango kabla hayajakauka. Hayo huwa mepesi na yenye vitundu vidogo vya namna moja, na si visukuku. Ukuta mmoja waweza kuwa na yote mawili.

Anayeamini amekipata kisukuku halisi hatakiwi kukichimbua. Tanzania Bara inalinda vitu hivi kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Hupigwa picha kikiwa palepale, pamoja na sarafu au rula ya kuonyesha ukubwa, kisha picha ya mahali pote. Simu huhifadhi alama ya eneo, na taarifa hupelekwa makumbusho. Sababu yake ni ya kitaalamu kuliko ya kisheria: umri wa kisukuku kwa kawaida hupimwa kwa tabaka kilimolala, na kikishatiwa mfukoni tabaka hilo halijulikani tena.

Mwaka 1984, karibu na Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Kwa kuwa mahali pale palijulikana barabara, wachimbaji walichekecha udongo wake msimu baada ya msimu, wakatoa karibu kiunzi kizima cha kijana wa kiume aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita.