Je, Wajua? Mruko wa Nyanza na Macho ya Wageni

Je, wajua kwamba mwaka 1907, katika zama za Wadachi, yaani Wajerumani, mwanamfalme wao Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipozuru Nyanza kwa Mfalme Musinga wa Rwanda na kuwatazama vijana wakishindana kuruka juu, alidai kuwa mmoja wao alivuka mita 2.50, kimo kinachozidi hata rekodi ya dunia ya mita 2.45 ya mwaka 1993? Warukaji walijirusha kutoka juu ya kituta kidogo, tena walizoezwa tangu ujana. Walakini wageni waliinasibisha siha yao na damu ya Kitutsi, na dhana hiyo hiyo wakaitumia kuwapambanua watawala na raia huku Buha, nchi ya Kasulu na Kibondo. Hakika, misuli ya mwanamume hushuhudia mazoezi yake, wala haishuhudii daraja la kabila lake.