Reli Zilizomo Ndani ya Ubongo

Familia nyingi za Pwani zina watoto waliohamia Ngong na Kitengela kwa ajili ya kazi. Mama akishakuwa mkongwe huchukuliwa akaishi nao, na haipiti miezi mingi kabla simu haijapigwa Mombasa au Lamu: mama amebadilika. Ameswali Adhuhuri, akaiswali tena, na anatawadha kwa mara ya tatu. Usiku huamka kwenda msalani akafungua mlango wa nje. Hapo maneno huanza: ni baridi ya Ngong, ni hasadi ya watu, ni mkwe hamtunzi. Mkwe maskini ndiye huumia zaidi.

Chanzo huwa ni kitu kidogo mno, nacho ni kiunzi cha seli ya fahamu. Seli hiyo ina mkia mwembamba. Ule utokao kiunoni hadi wayoni waweza kufikia urefu wa mita moja. Mahitaji ya ncha yake hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha yasafirishwe. Kwa hiyo ndani ya mkia mmetandikwa mirija iitwayo mikrotubuli, na juu yake hutembea wachukuzi: kinesini hupeleka mizigo nchani, daineini huirudisha. Aliyesafiri kwa treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, akaunganisha na ile iliyoanza 2019 kupitia Ngong kwenda Naivasha, anajua kwamba reli haitulii bila mataruma. Mataruma ya ubongo ni protini ya tau, iliyotambuliwa 1975 huko Princeton, Marekani.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, tau hubandikwa fosfati kupita kiasi, ikaiachia reli na kujisokota mafundo. Mizigo hukwama, na seli hufa polepole. Daktari Alois Alzheimer aliyaona mafundo hayo kwa darubini 1906, katika ubongo wa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu.

Mafundo huanzia pale kumbukumbu mpya zinapopokelewa. Ndiyo maana bibi huzikumbuka harusi za ujana wake, akasahau kwamba amekula sasa hivi. Na ndiyo maana nyumba ngeni humfichua. Mtaani kwake miguu iliijua njia yenyewe. Ngong inambidi ajifunze upya, na hawezi tena. Maradhi yalikuwapo kabla ya safari.

Kumdhania mzee ushirikina si jambo dogo: Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze.

Apelekwe hospitali mapema, kwani si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, huzuni na baadhi ya dawa za usingizi huleta hali kama hiyo, na hutibika. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ni maambukizi ya mkojo, asingoje. Alzheimer yenyewe haijapata tiba ya kuiponya, ingawa zipo dawa za kupunguza makali kwa muda.

Nyumbani, taa ya msalani iwake usiku kucha, na komeo la mlango wa nje liwekwe juu. Asibishiwe. Wakati wa swala mmoja wenu asimame kando yake, waswali pamoja, kisha msala ukunjwe uondolewe machoni pake.