Roketi za Mabomba Kando ya Luvua
Kusini mwa Fizi, kupita Kalemie, mto Luvua unakata nyanda za juu za Katanga, nchini Kongo (wakati huo Zaire). Hapo kampuni ya Kijerumani OTRAG ilijenga uwanja wa kurushia roketi miaka ya 1970. Mwenyekiti wa baraza lake la usimamizi alikuwa Kurt Debus, mhandisi aliyestaafu mwaka 1974 baada ya kuongoza Kituo cha Kennedy, Marekani, kilichorusha Apollo 11 kwenda mwezini.

Mbunifu wa roketi hizo, Lutz Kayser, alitafuta urahisi. Mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimeta 27 yalifungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Yalibeba mafuta ya taa na asidi ya nitriki katika matangi tofauti. Hewa iliyoshindiliwa ilisukuma vimiminika hivyo hadi kwenye injini bila pampu, na mota za waipa za magari zilifungua vali. Nguvu ingeongezwa kwa kuongeza mabomba.

Roketi ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977, ya pili 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka Rais Mobutu wa Zaire akitazama. Umoja wa Kisovieti ulishuku mradi wa silaha, na mwaka 1979 Mobutu alisimamisha kazi ya OTRAG.