Mtayarishaji wa Maigizo na Kazi ya Kumfikia Kila Mkazi

Mchezo wa kuigiza unapochezwa katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, au Biafra, Kinondoni, macho ya wananchi huwa kwa waigizaji. Mtayarishaji haonekani. Mwongozaji hushughulikia namna mchezo unavyoigizwa. Mtayarishaji hutafuta fedha, kibali, uwanja na watu. Kwa sababu hiyo ndiye anayeamua, hata pasipo kukusudia, nani ataufikia mchezo na nani atabaki nyumbani.

Kazi hii ina historia nchini. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walishirikiana na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo ulioandikwa tayari. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, mimba za wasichana zikiwemo, wakayachambua, wakayaigiza kwa ngoma zao, kisha wakajadiliana. Mwaka 1996 mwelekeo huo uliingia shuleni kupitia mradi wa Tuseme, ambamo wanafunzi wa kike walitumia maigizo kueleza yanayowakwamisha masomoni.

Mitaa ya Dar es Salaam ina ugumu wake. Mbagala au Tandale, wapangaji wengi hutumia ua mmoja, na siri hazikai. Mama akisimulia kipigo anachopata nyumbani, na kisa chake kikaigizwa hadharani, majirani watajua ni chumba cha nani kabla mchezo haujafika katikati. Mtayarishaji makini huomba ridhaa, huchanganya visa vya watu kadhaa, hubadili majina na mazingira, na kisa kisichofichika hukiacha kabisa. Makofi ya watazamaji hayamlindi mama huyo usiku akirejea nyumbani.

Suala la pili ni mahali na saa. Ukumbi wa ghorofani usio na njia ya kupandishia kiti cha magurudumu umekwisha kuwafungia mlango baadhi ya wakazi, hata kama kiingilio ni bure. Onyesho la saa nane mchana humkosa mama lishe aliye kazini. La usiku huwakosa wanawake wanaohofia njia zisizo na taa. Hakuna saa inayowafaa wote, hivyo kurudia onyesho mara mbili, kwa nyakati tofauti, huwa na faida kuliko kukodi spika kubwa zaidi. Mkalimani wa Lugha ya Alama naye asiwekwe pembeni gizani: asimame karibu na waigizaji, penye mwanga, na viziwi wapewe nafasi ya mbele. Kwa kawaida nafasi hiyo huchukuliwa na viti vya wageni rasmi, na ni vyema desturi hiyo ikaangaliwa upya.

Gharama hizi zikisubiri hadi mwisho, hazipatikani. Nauli ya mshiriki mwenye ulemavu na msaidizi wake, malipo ya mkalimani, turubai la kivuli na maji huingizwa katika bajeti siku ile ile zinapoingizwa posho za waigizaji. Aidha, mwenye ulemavu hapaswi kuitwa ili kuonewa huruma tu. Anaweza kuigiza muuza duka, mjumbe wa mtaa au tapeli, na pia akaongoza mazoezi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unautambua ushiriki katika maisha ya kitamaduni kuwa ni haki, katika Ibara ya 30. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.

Kikundi kinachotaka kufanya onyesho mtaani huanzia ofisi ya Serikali ya Mtaa, kisha kwa Afisa Utamaduni. Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha sanaa kinachoendesha shughuli zake kama biashara kiulize masharti ya mikopo hiyo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na bajeti ambayo gharama zilizotajwa hapo juu zimo tayari.