“Mama, nimekufuru?”

Binti yangu mwenye miaka saba alichora mkono mkubwa juu ya milima ya Kilosa. Kutoka madrasa alikuwa amesikia maana ya aya ya kumi ya Surat al-Fat-h, inayotaja mkono wa Mwenyezi Mungu juu ya mikono ya waliomuunga mkono Mtume (S.A.W.), naye akauchora kama alivyousikia. Bibi yake, mama mkwe wangu, alipoiona ile karatasi aliipasua vipande vinne na kumwambia kuwa mwenye kumchora Mola ametoka katika dini.

Mimi ni mkwe, nikanyamaza. Usiku ule mtoto alikataa kulala. “Mama, nimekufuru?”

Nilimwambia la, kwani mtoto ambaye hajabaleghe kalamu ya dhambi haimwandikii. Lakini swali lake la pili lilinishinda: kama mkono hauchoreki, mbona umetajwa?

Swali hilo ni la kale kuliko Kiswahili chetu. Imamu Malik bin Anas aliulizwa Madina kuhusu istiwaa ya Mola juu ya Arshi, akajibu kwamba neno lenyewe linajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kuichokonoa namna yake ni uzushi. Baada yake wapo wanavyuoni walioliacha neno kama lilivyo bila ya kuuliza vipi, na wapo waliolifasiri kwa maana ya uwezo au msaada. Wote wanakutana katika aya ya 11 ya Surat ash-Shura, inayokanusha kuwapo chochote mfano wake.

Mwenye kufasiri Qur'ani kwa Kiswahili hana njia ya kulikwepa jambo hili. Tafsiri kamili ya mwanzo ilitolewa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Unguja, kwa makusudi ya kimisheni. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha yake mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akafuata mwaka 1995. Kila mmoja alipofika kwenye neno la Kiarabu la mkono alilazimika kuchagua: aandike “mkono” na kumwachia msomaji hatari ya kufananisha, au aandike “nguvu” na kumfungia mlango wa maana nyingine. Hata neno “Mungu” lina kasoro yake, maana linakubali wingi, “miungu”, jambo ambalo jina Allah halilikubali. Ndiyo maana, kwa fikira zangu, ulimi wetu haukutosheka mpaka ulipotanguliza “Mwenyezi”, yaani Mwenye enzi.

Je, maneno hayafai basi? Aya ya 17 ya Surat ar-Ra'd inapiga mfano wa mvua inayojaza mabonde, kila bonde kwa kadiri yake, na mafuriko yakabeba povu. Povu likapotea, chenye kuwafaa watu kikabaki ardhini. Mtu wa Kilosa hahitaji kufafanuliwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani na kuing'oa reli ya kati. Waliokuwapo wanayajua maji yale na povu lake. Mfano huo haumwelezi Mola ana umbo gani. Unaeleza haki inavyobaki na batili inavyopita. Hapo ndipo mchoro wa binti yangu ulipopotoka, na hapo mama mkwe alikuwa na haki. Kuipasua karatasi mbele ya mtoto bila ya kumweleza, hilo naliona kosa, nami kwa kunyamaza niliingia ndani yake.

Tulirudi Morogoro kwa kupitia Mikumi, tukalala kwa wifi yangu. Asubuhi basi lilipokata mbuga, dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya twiga watatu waliosimama karibu na barabara. Nikamwuliza mtoto: nani aliyewachora hawa?

“Allah.”

Nikamwambia kwamba miongoni mwa majina yake ni al-Musawwir, Mtia sura. Kila sura imetoka kwake, na Yeye hatiwi sura na yeyote. Alikaa kimya hadi twiga wakapotea. (Kuhusu kuchora wanyama, wanavyuoni wana maneno mengi, sisi nyumbani tumekubaliana kuchora miti.)

Juma lililofuata alichora mikumi, ile miti mirefu iliyoupa mji jina lake, akaniomba niipeleke karatasi Kilosa. Mama mkwe aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto bado anakwenda madrasa.

Nikamjibu kwamba anakwenda.