Volani ya kuume: Kinshasa inakataza, mashariki inaendesha

KISANGANI – Mtu wa Barumbu, jimboni Tshopo, anayetafuta gari la bei nafuu, mara nyingi ataletewa Toyota iliyotumika Japani, ikapita bandari ya Mombasa, Kampala, mpaka wa Kasindi, kisha barabara ya taifa nambari 4 kupitia Beni, Mambasa na Nia-Nia. Inafika na vumbi, na volani iko kuume.

Hapo ndipo matata yanaanza. Sheria ya barabara nambari 78-022, ya tarehe 30 Agosti 1978, inaagiza kila gari lishike mkono wa kuume wa njia. Kenya na Uganda wanashika kushoto. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, nchi tano kati ya nane zinaendesha kuume. Lakini Mombasa na Dar es Salaam, milango ya bahari tunayoitegemea huku mashariki, iko kwa wale watatu wa kushoto.

Mwaka 2014, wizara ya uchukuzi ikiongozwa na Justin Kalumba ilitangaza kwamba magari ya volani ya kuume hayataruhusiwa tena kuingia nchini. Malalamiko yalikuwa makubwa mashariki na Katanga. Rwanda ilikuwa imeyazuia karibu miaka kumi mbele. Hata hivyo, magari hayo yangali yanaonekana kila siku katika miji ya mashariki.

Serikali haikukosea kuhusu hatari. Shofa aliyeketi kuume akifuata lori la mizigo haoni mbele. Ili apite, humuuliza abiria wa kushoto kama njia ni wazi. Taa nazo zimepangwa kwa nchi za kushoto, kwa hiyo usiku zinampiga machoni anayekuja.

Kosa liko katika kuwaachia wenye gari peke yao kutafuta dawa. Kuhamisha volani si kufungua bolti mbili. Dashibodi inabadilishwa, pedali na pampu ya breki zinahama, nyaya za umeme zinarefushwa, na kunatakiwa sanduku la usukani la gari la upande wa pili. Lisipopatikana, kuna fundi atakayekata na kuchomelea. Chuma kilichochomelewa vibaya kikikatika katika mteremko, gari halina tena usukani. Volani iliyoachwa kuume pengine ingekuwa salama zaidi.

Wanaopenda magari wanaumia kwa namna yao. Huku vijana hawateremshi gari kwa urembo kama wanavyofanya Nairobi, mashimo hayaruhusu. Wanainua springi, wanaweka matairi makubwa, wanafunga chuma cha kulinda injini. Ni marekebisho ya lazima ya barabara mbaya, lakini polisi wa barabarani akitaka sababu ya kusimamisha gari, hayo nayo ni sababu, sawa na vioo vyeusi.

Na kuna jambo ambalo kuhamisha volani hakuligusi: mlango. Basi dogo lililotengenezwa kwa Japani lina mlango wa abiria upande wa kushoto. Shofa akilisimamisha kando ya njia, mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, pikipiki zinapopita.