Spiriti huingia majini, petroli hubaki nje

Spiriti ikimiminwa katika glasi ya maji, haupiti muda kabla ya vimiminika hivyo viwili kuwa kimoja, wala hauonekani mstari wa kuvitenganisha. Petroli ikimiminwa katika glasi ya pili, huelea juu. Hata glasi itikiswe namna gani, ikitulizwa kidogo petroli hurudi palepale. Zote mbili ni viyeyushi vya kikaboni, yaani vimiminika vyenye molekuli zilizojengwa kwa atomu za kaboni. Chanzo cha tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni maji yenyewe.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Oksijeni huvutia elektroni kwake ikapata chaji hasi kidogo, na haidrojeni zikaachwa na chaji chanya. Ndiyo maana haidrojeni ya molekuli moja hushikamana na oksijeni ya jirani yake, na mshikamano huo huitwa kifungo cha haidrojeni. Molekuli moja huweza kushikana na nyingine hadi nne. Vifungo hivyo hukatika na kuungana upya kila mara, lakini kwa jumla maji ni umati ulioshikana mikono, na mgeni anayetaka kupita ndani yake hana budi kuwa na mkono wa kutoa.

Ethanoli, ambayo ndiyo nguvu ya spiriti na ya gongo pia, inao mkono huo: oksijeni yenye haidrojeni, sawa na ya maji. Molekuli zake hujipenyeza vizuri kiasi kwamba mililita 50 za ethanoli zikichanganywa na 50 za maji hazifiki 100, bali hupatikana 96 au 97 hivi.

Mkono huo, hata hivyo, una mkia wa kaboni nyuma yake, na mkia ukirefuka mambo hubadilika. Methanoli, ethanoli na propanoli, zenye kaboni moja, mbili na tatu, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Ikiongezwa kaboni ya nne ikawa butanoli ya mkia ulionyooka, lita moja ya maji hupokea gramu kati ya 70 na 80 tu. Pentanoli huingia gramu 22 hivi, heksanoli 6, na oktanoli, yenye kaboni nane, karibu nusu gramu. Umbo nalo lina neno lake: butanoli ambayo kaboni zake nne zimekusanyika kuuzunguka mkono huchanganyika na maji bila kikomo.

Husemwa mara nyingi kwamba mafuta huyachukia maji. Usemi huo hupotosha, kwa kuwa molekuli za mafuta na za maji huvutana, ijapokuwa kwa udhaifu. Tatizo ni kwamba molekuli za maji zinazouzunguka mkia usioshikika hulazimika kujipanga ili zisipoteze vifungo vyao, na hivyo hupungukiwa na uhuru wa kugeuka huku na huko. Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans waliufananisha mpangilio huo na vipande vidogo vya barafu. Mfano wa barafu ulipingwa baadaye, na kwa haki, ila hoja ya uhuru uliopotea imesimama. Heksani, mkia mtupu wa kaboni sita, huyeyuka kiasi cha miligramu 10 tu kwa lita.

Si lazima kiyeyushi kiwe na haidrojeni ya kutoa; oksijeni inayoweza kuipokea ile ya maji yaweza kutosha. Asetoni, inayotumika kuondolea rangi ya kucha, huchanganyika na maji kabisa kwa njia hiyo. Etha ya kawaida ina kaboni nne na oksijeni moja, na lita ya maji huimeza gramu 60 hadi 70. Tetrahaidrofurani ina kaboni nne na oksijeni moja vilevile, lakini imefungwa duara, oksijeni ikachomoza nje ambako maji huifikia kwa urahisi; hiyo haina kikomo. Chaji peke yake haitoshi. Klorofomu ina upande hasi na upande chanya, lakini klorini zake ni wapokeaji dhaifu wa haidrojeni, na huyeyuka gramu 8 hivi kwa lita.

Hata kilichokwisha kuchanganyika chaweza kutolewa. Trietilamini na maji ni kimiminika kimoja chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Joto likipanda kidogo hutengana, kinyume cha inavyotarajiwa. Chumvi nayo hufanya kazi kama hiyo. Potasiamu kabonati ikikorogwa kwa wingi katika mchanganyiko wa spiriti na maji, ayoni zake huyashika maji kwa nguvu kuliko ethanoli inavyoweza, na spiriti hupanda juu ikawa tabaka lake yenyewe, kama petroli.